Kaka yuko Columbus, Ohio: anawezaje kuziba rekodi ya kesi bila wakili?

Mwanamtambwe (Wete)

Assalaam alaykum. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya mahakama za Ohio, Marekani.

Kaka yangu anaishi Columbus kwa grinkadi. Ana kesi mbili katika mahakama ya manispaa ya Franklin County. Moja ni wizi wa dukani. Karatasi imeandikwa M1, alikiri, akatozwa faini na kupewa probesheni (uangalizi nje ya jela) ya mwaka mmoja iliyomalizika 2022. Ya pili mwendesha mashitaka aliiondoa, hakuhukumiwa. Sasa anataka kazi ya kuhudumia wazee, na mwakani anataka kuomba uraia. Bei za mawakili zimemshinda.

Anaweza kufanya mwenyewe? Inachukua muda gani na gharama gani? Sisi huku Pemba tumsaidie kwa lipi, barua ya sheha inafaa? Na akishamaliza, kwenye fomu ya uraia ajibu vipi?

Karani Mstaafu

Waalaykum salaam dada. Anaweza kufanya mwenyewe, na watu wengi Ohio hufanya wenyewe. Fomu si ngumu. Kinachowaponza watu ni kuchagua njia isiyofaa na kupeleka maombi kabla hawajakusanya karatasi zao. Nitaanza na hilo la kuchagua.

Ohio ina vitu viwili. Kimoja ni kuziba rekodi, wenyewe wanaita "sealing". Nasema kuziba ili isichanganywe na mtu kufungwa. Faili lipo, lakini limewekwa pahala ambapo watu wa kawaida, wenye nyumba na waajiri wengi hawaoni. Cha pili ni kufuta, "expungement", ambapo faili linaharibiwa kabisa. Zamani mtu mzima aliyehukumiwa alikuwa akiishia kwenye kuziba tu, isipokuwa katika makosa machache. Tangu Aprili 2023, sheria ilipobadilishwa, makosa mengi yanayozibika yanaweza kufutwa pia.

Tofauti hii inamhusu sana kaka yako kwa sababu ya kazi anayoitaka. Mtu akiomba kazi ya kuhudumia wazee au watoto, anapigwa alama za vidole kwa mfumo wa WebCheck na majibu yanatoka ofisi ya upelelezi ya jimbo, BCI. Kwa ukaguzi wa namna hiyo sheria ya Ohio inairuhusu BCI kutoa hata rekodi zilizozibwa. Kwa hiyo akiziba tu, ataenda kwenye usaili na kifua mbele, kisha majibu ya BCI yatoke na ule wizi umo ndani. Iliyofutwa haitoki namna hiyo. Basi kwa kazi anayoitaka, ile M1 aiombee kufutwa.

Kuhusu muda wa kungoja, aangalie herufi kwenye karatasi ya hukumu. M ni kosa dogo, F ni kosa kubwa, na namba ikiwa ndogo kosa ni zito zaidi. M1 mpaka M4 anangoja mwaka mmoja tangu amalize adhabu, ama kwa kuziba ama kwa kufuta. Yenye MM, yaani kosa dogo kabisa, ni miezi sita. F4 na F5 ni mwaka mmoja kwa kuziba, F3 miaka mitatu, na kuzifuta ni miaka kumi zaidi juu ya hapo. F1 na F2 hazizibiki. Hazizibiki pia hukumu za barabarani, ikiwemo kuendesha gari akiwa amelewa, makosa ya kujamiiana yanayomlazimu mtu kujisajili, wala yale ambayo aliyeathirika ni mtoto chini ya miaka 13. Kupiga watu wa nyumbani pia haizibiki, isipokuwa ikiwa ni M4, na hiyo inazibwa tu, haifutwi. Wizi wa dukani wa M1 haumo katika hayo makatazo.

Kumaliza adhabu kuna maana yake pale. Probesheni iwe imekwisha, faini imelipwa, na fidia ya mwenye mali imelipwa yote. Mahakama ya Juu ya Ohio iliamua mwaka 2014, katika kesi ya Aguirre, kwamba mtu anayedaiwa fidia hajamaliza adhabu hata kama probesheni imefungwa zamani, na hata kama fidia yenyewe inakwenda kwa kampuni ya bima. Dola 40 zilizosahauliwa zinatosha kurudisha maombi, na mwaka unaanza kuhesabiwa siku ile anayolipa. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote amuulize karani wa mahakama kama kuna deni kwenye namba ya kesi yake, na apewe jibu kwa maandishi.

Bakari77

Dada usihangaike sana. Sheria ya Ohio yenyewe inasema rekodi ikizibwa shauri linahesabiwa kama halikutokea. Azibe, kisha ajibu "hapana" kila pahala, kwenye kazi na kwenye uraia. Ndiyo faida yake.

Ummu Salma

Ndugu Bakari, kwa kazi za kawaida maneno yako yana msingi. Mwajiri wa Ohio haruhusiwi kuuliza kuhusu hukumu iliyozibwa, ila pale swali linapohusiana moja kwa moja na kazi yenyewe. Lakini kwa uraia ushauri huo utamharibia kijana wa watu maisha, naomba usimame hapo.

Uhamiaji ni sheria ya serikali kuu ya Marekani, haifuati alichoandika jaji wa jimbo. Tangu 1996 sheria hiyo ina maana yake ya hukumu: mtu alikiri au alipatikana na hatia, na jaji akaweka adhabu au kizuizi chochote. Mwaka 1999 bodi yao ya rufaa za uhamiaji, katika kesi ya Roldan, ikasema kufutiwa na jimbo kwa ajili ya kujirekebisha hakuondoi hukumu kwa mambo ya uhamiaji. Fomu ya uraia, N-400, inauliza kama umewahi kukamatwa au kushitakiwa, na maelezo yake yanasema wazi utaje hata kilichozibwa au kufutwa. Alama zake za vidole watazilinganisha na za FBI. Akisema hapana, kosa la uongo chini ya kiapo linakuwa kubwa kuliko wizi wenyewe.

Na hapa ndipo wengi wanapojifungia mlango. Ofisa wa uraia atamwambia alete nakala ya hukumu yenye muhuri wa mahakama. Akienda mahakamani anaambiwa hakuna kesi kama hiyo, kwa sababu faili limeharibiwa kwa ombi lake mwenyewe! Kwa hiyo kabla ya kupeleka maombi aende kwa karani akachukue, kwa kila kesi, hati ya mashitaka, hukumu au amri ya kuondoa kesi, na uthibitisho wa kumaliza probesheni na malipo. Aombe zenye muhuri wa kuthibitishwa, si fotokopi tupu wala picha ya tovuti. Achukue seti tatu. Moja aweke kwake, moja akabidhi mtu anayemuamini pale, na moja itume Wete ikae ndani ya sanduku la mama. Hizi karatasi hazitapatikana tena.

Akiwa na fedha kidogo ya wakili, asiitumie Ohio kwenye kufuta. Aitumie kwa saa moja ya ushauri kwa wakili wa uhamiaji kabla ya kugusa N-400. M1 ya Ohio adhabu yake ya juu ni siku 180, na katika uhamiaji kuna nafuu kwa mtu mwenye kosa moja tu la aina hiyo, ambalo adhabu yake ya juu haizidi mwaka na aliyopewa haizidi miezi sita. Huenda ikamfaa. Lakini tarehe ya kosa, tarehe aliyoingia nchini na miaka mitano ya tabia njema zinahesabiwa pamoja, na hesabu hiyo aifanye mtu aliyeshika karatasi mkononi.

Bakari77

Nimefahamu, na nimeliondoa neno langu. Mwanamtambwe asifuate niliyoandika kuhusu uraia.

Karani Mstaafu

Ahsante Ummu Salma, hilo la nakala ndilo la kwanza kabisa. Sasa hatua zenyewe.

Maombi yanapelekwa kwenye mahakama iliyotoa hukumu. Kwa makosa ya M ya Columbus ni mahakama ya manispaa ya Franklin County, 375 South High Street. Pale pale kuna kituo cha kuwasaidia watu wasio na wakili. Hawampi mtu ushauri wa sheria, lakini wanampa fomu sahihi na kumuonesha sehemu aliyoacha wazi. Makosa ya F yanakwenda mahakama nyingine ya kaunti. Mwenye kesi katika miji miwili anapeleka maombi mara mbili.

Kaka yako atakuwa na maombi ya aina mbili, asiyachanganye. Ile hukumu inakwenda chini ya kifungu 2953.32 cha sheria za Ohio. Ile iliyoondolewa na mwendesha mashitaka inakwenda chini ya 2953.33, na hiyo haingoji ule mwaka mmoja. Aangalie tu amri inasemaje: kama kesi iliondolewa kwa namna ambayo inaweza kufunguliwa tena, jaji atataka kujua kama muda wa kushitaki umeshapita.

Kwenye fomu ya hukumu achague kufuta, si kuziba. Namba ya kesi, tarehe ya hukumu, kifungu na daraja la kosa avinakili kutoka kwenye hukumu yenyewe herufi kwa herufi, asiandike kwa kukumbuka. Tarehe ya kumaliza adhabu ni ile ya mwisho kati ya probesheni na malipo. Watu huandika siku waliyohukumiwa, na hapo hesabu yote inaharibika.

Ada ya maombi ya hukumu haizidi dola 50, hata kama ameorodhesha hukumu kadhaa kwenye ombi moja. Asiye na uwezo anajaza kiapo cha ufukara akaondolewa ada. Apeleke nakala mbili, karani agonge muhuri wa tarehe zote mbili, na moja arudi nayo nyumbani.

Baada ya hapo mahakama inapanga siku ya kusikilizwa, isiyopungua siku 45 na isiyozidi 90 tangu kupeleka. Mwendesha mashitaka anaarifiwa, na akitaka kupinga lazima aandike sababu zake siku 30 kabla. Idara ya probesheni nayo inachunguza na kumuandikia jaji taarifa. Katika miezi hii mitatu anuani yake isibadilike. Akihama, aende siku ile ile kwa karani akabadilishe kwa maandishi. Barua ya mahakama inakwenda pale alipoandika. Asipotokea siku ya shauri, jaji anaweza kulitupa ombi, na itambidi aanze upya.

Siku yenyewe jaji anaangalia mambo machache: anastahili kisheria? ana kesi ya jinai inayoendelea? amejirekebisha? mwendesha mashitaka amesema nini? Kisha anapima haja yake ya kufutiwa na haja ya serikali kuiweka rekodi. Hapo "nataka kazi" ni jibu dhaifu. Aende na karatasi: barua ya mwajiri inayosema nafasi ipo, cheti cha mafunzo ya uuguzi wa nyumbani, risiti za kodi ya mapato. Kama Kiingereza chake hakijakaa sawa, aombe mkalimani wa Kiswahili wiki kadhaa kabla. Asimchukue mtoto wake wa skuli akamtafsirie mbele ya jaji.

Msaidizi wa Sheria, Chake

Dada Mwanamtambwe, nijibu lile la huku nyumbani.

Barua ya sheha haimdhuru, lakini msiitegemee. Jaji wa Ohio anataka kujua alivyoishi Columbus tangu 2022, na sheha wa Mtambwe hawezi kuyathibitisha hayo. Barua ya imamu wa msikiti anaosali kule, au ya mtu aliyefanya naye kazi, ina uzito zaidi. Mkiituma ya sheha, ifuatane na tafsiri ya Kiingereza yenye maneno ya mfasiri kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni kamili na sahihi, pamoja na jina lake, saini na tarehe.

Mnapoweza kumsaidia hasa ni kwenye majina. Sisi tuna jina la mtu, la baba na la babu. Tuseme mtu anaitwa Juma Hamad Faki. Pasipoti inaandika Faki kama jina la ukoo, polisi anaandika Juma Hamad, karani wa mahakama anaandika Hamad Juma, na kesi yake nyingine imeingia kama Juma H. Faki. Akitafuta kwenye tovuti ya karani kwa jina moja anaona kesi moja, anaifuta hiyo, na nyingine inabaki wazi mpaka mwajiri aikute. Atafute kwa mipangilio yote, Mohamed na Mohammed, Khamis na Hamisi, na kwa tarehe ya kuzaliwa. Kwenye fomu aandike jina la pasipoti na majina mengine yote yaliyotumika katika kesi.

Kama tarehe ya kuzaliwa nayo haifanani, chukueni nakala ya cheti chake cha kuzaliwa kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii mmtumie, na kama ni ya Kiswahili itafsiriwe vile vile.

Jambo ambalo hamuwezi ni kumsainia au kumsemea. Ndugu si wakili, hata awe na waraka wa uwakilishi kutoka kwa mwanasheria wa Chake Chake. Saini iwe ya kaka yako.

Forodhani_Usiku

Na mtu ambaye keshaondoka Marekani, yuko Unguja? Anaweza kufuta kesi yake ya Ohio kutoka huku? Nauliza pia kama msamaha wa Rais wa huku unafanya kazi sawa na hiyo ya Ohio.

Karani Mstaafu

Maombi anaweza kuyatuma kwa posta au kwa kampuni ya vifurushi. Siku ya shauri aiandikie mahakama mapema kuomba ahudhurie kwa video. Hilo ni ruhusa ya jaji, si haki yake. Asiweke fedha taslimu kwenye bahasha. Ni bora mtu aliyeko Ohio amlipie ada dirishani na kumtumia picha ya risiti.

Kiapo cha ufukara kwake hakina faida. Kinataka kuapishwa, na ubalozi wa Marekani Dar es Salaam unatoza dola 50 kwa kila muhuri, bila ya nauli ya boti kwenda na kurudi. Alipe tu zile dola 50 za maombi.

Msaidizi wa Sheria, Chake

Kuhusu msamaha, hivyo ni vitu viwili mbali mbali. Msamaha wa Rais wa Zanzibar, kama ule unaotolewa wakati wa sherehe za Mapinduzi, unatokana na Katiba ya 1984 na unamtoa mtu kwenye adhabu. Anatoka Chuo cha Mafunzo, yaani gereza la huku, kabla ya siku zake. Haumfanyi kuwa hakuwahi kuhukumiwa. Anayetaka hukumu yenyewe iondoke njia yake ni rufaa, na kama muda umepita anaanza kwa kuomba ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda, akieleza sababu ya kila kipindi alichochelewa. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Unguja na hapa Pemba. Aende na nakala ya hukumu, maana bila ya hiyo hakuna wa kumsaidia.

Na kwa anayeomba viza ya Marekani, fomu ya DS-160 inauliza kama umewahi kukamatwa au kuhukumiwa hata kama ulisamehewa. Aliyesamehewa kwenye Mapinduzi anajibu ndiyo, na anabeba hukumu na hati ya msamaha siku ya mahojiano.

Mwanamtambwe (Wete)

Allah awalipe kheri nyote. Nimempigia, ameikuta kesi ya pili kwa jina la Hamad mbele, hakuwa akijua kuwa imeandikwa hivyo. Suala la mwisho: akishapata amri ya jaji, ndiyo imekwisha?

Ummu Salma

Bado dada. Achukue nakala kadhaa za ile amri zenye muhuri, aziweke pamoja na zile seti tatu. Mahakama inaiarifu BCI, lakini asiombe kazi wiki ile ile. Ajipe muda, kisha aagize rekodi yake mwenyewe BCI, na ile ya FBI ambayo ni dola 18 na alama za vidole. Kama kesi bado imo, anawapelekea amri.

Wanaochelewa zaidi ni makampuni binafsi ya kupekua watu, yale yanayotumiwa na wenye nyumba na waajiri. Yalishanunua orodha za mahakama zamani na jaji hayaandikii. Akinyimwa nyumba au kazi kwa ripoti ya kampuni hizo, adai nakala ya ripoti, aandike malalamiko kwa barua ya kusajiliwa na kuambatanisha amri. Sheria ya serikali kuu inawapa siku 30 kuchunguza na kurekebisha.

Karani Mstaafu

Akitaka umpigie karani ukiwa naye kwenye simu, saa tatu asubuhi ya Columbus ni saa kumi alasiri kwetu kuanzia katikati ya Machi mpaka mwanzo wa Novemba. Miezi mingine ni saa kumi na moja. Awe na namba zote mbili za kesi mbele yake, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza watakalomuuliza.